Mafuta Yenye Njaa

"Mshukiwa tunaye, tini tunalo, na mwalimu wa kemia ameshatia sahihi," alisema Sajini Hsieh, akitema mate mekundu ya popoo ndani ya kikombe cha bati. "Sasa wewe, Inspekta, umetumwa kutoka makao makuu kuja kufanya nini huku Nankeng? Kula tambi?"

"Tambi nitakula," alijibu Inspekta Liao, akivua kofia na kuitundika msumarini bila kukaribishwa. "Lakini kwanza nitaonana na huyo mwanamke."

"Gari la jipu la kumpeleka kwa mwendesha mashtaka linakuja alasiri."

"Basi tuna asubuhi nzima! Mimi sijazoea kupewa asubuhi nzima, Sajini. Naona kama sikukuu."

Sajini Hsieh alicheka kwa pua. Alikuwa mtu mnene, mwema siku zote, na kosa lake lilikuwa moja tu: alipenda kesi ziishe kabla ya chakula cha mchana. Na kesi hii, kusema kweli, ilionekana imeiva. Juzi usiku karakana ya miavuli ya karatasi ya Mzee Peng Lai-fa iliteketea yote. Mzee mwenyewe, aliyekuwa amelala humo kuilinda miavuli ambayo gundi yake ilikuwa haijakauka, sasa alikuwa hospitali, hajitambui. Mlangoni palikutwa tini tupu la tapentaini. Na katika karakana ile mtu aliyetumia tapentaini alikuwa mmoja tu, naye ni Fan Yu-chin, mjane wa mwana wa mzee huyo, mchoraji wa maua.

Liao alimkuta mahabusu, ameketi wima kwenye benchi, mikono yote miwili imefungwa bendeji hadi viwikoni.

"Dada Fan, mimi naitwa Liao. Mikono imepatwa na nini?"

"Imeungua."

"Sajini anasema iliungua ulipokuwa unawasha moto."

"Sajini alikuwa kwake anakoroma. Iliungua nilipokuwa namvuta baba mkwe."

"Nani alikuona?"

"Nani angeniona? Watu walipofika na ndoo zao, baba alikuwa tayari uani, na mimi niko juu yake namzima nguo. Sasa wananiambia ni mimi niliyemchoma. Kwanza nimchome, kisha nimwokoe? Mimi nina kazi nyingi sana kwa mchezo kama huo."

"Na tini?"

"Tini ni langu, sikatai. Lakini lilikuwa tupu siku kadhaa kabla ya moto. Nilikuwa nangoja duka lilete jingine. Nimemwambia Sajini, nimemwambia mpishi wa kituo, nimeuambia hata huu ukuta."

"Wao wanasema lilikuwa limejaa, ukalimwaga lote."

"Ndiyo hivyo. Mimi nina neno langu, wao wana sahihi ya mwalimu." Alimtazama Liao usoni bila kupepesa. "Inspekta, mimi nimechora na tapentaini tangu nilipoolewa. Mji huu mtu akisikia harufu ya tapentaini anasema, Yu-chin huyo anapita. Ningetaka kuchoma, ningechoma kwa kitu kinachotaja jina langu?"

Liao alilipenda jibu lile, ingawa jibu zuri si ushahidi. Akavuta kigoda, akaketi.

"Nani hakupendi?"

"Siku ya kufagia makaburi ya wazee wetu, baba mkwe alisimama mbele ya ukoo mzima akasema karakana ataniachia mimi. Sasa niambie wewe, baada ya hapo nani alinipenda?"

"Mtaje mmoja."

"Simtaji mtu nisiyemwona. Shao-wen, mtoto wa kaka wa baba mkwe, ndiye angerithi. Yeye ndiye mwandishi wetu. Mwavuli ukitaka maneno, anaandika yeye, na mkono wake ni mzuri, huo hauna mpinzani. Siku ile alinimiminia chai, akanipongeza. Na siku ya moto alikuwa kwa wakwe zake bonde la pili, tangu mchana. Watu wanasema hivyo."

"Mtoto unaye?"

Hapo ndipo sauti yake ilipotetereka. "Wa kike. Yuko kwa jirani. Nikipanda hilo jipu leo, siku nitakayorudi nitamkuta bibi arusi. Au sitamkuta kabisa."

Liao alisimama. "Dada, nikuulize kitu kimoja, na ujibu kweli, maana jibu lako nitalipima leo leo. Tini lilikuwa tupu?"

"Tupu. Ungeligeuza lisingetoa hata tone."

"Vizuri. Kama ni kweli, kilichomwagwa kule si tapentaini. Na kama ni tapentaini, wewe ni mwongo na jipu ni lako. Hakuna la kati."

"Kapime," alisema Fan Yu-chin.

*

Katika jambo moja Sajini Hsieh alistahili sifa. Nje ya ukuta wa karakana kulikuwa na hodhi la kulowekea mianzi, limefunikwa mikeka. Yule aliyemwaga mafuta ndani aliyamwaga kwa pupa, mengine yakapita chini ya ukuta, yakaingia hodhini na kuelea juu ya maji, na moto haukufika pale. Sajini aliyaona yakimeremeta, akayateka kwa upawa, akayatia kwenye chupa safi na kuipiga kizibo. Ilipata nusu chupa, ikinuka mianzi iliyooza tu, hata pua haikuweza kusema ni mafuta gani. Kisha akaipeleka shule ya sekondari kwa Mwalimu Tai, aliyekuwa na kabati la dawa, na Mwalimu Tai akaandika kwamba mafuta yale ni tapentaini.

Mwalimu alikuwa mwembamba, mikono ya shati imejaa vumbi la chaki, na alipoambiwa kwamba kazi yake itarudiwa alinywea.

"Inspekta, mimi nimefundisha jaribio hilo miaka yote. Maji ya bromini ni ya rangi ya chungwa. Ukiyatia kwenye hidrokaboni isiyoshiba, rangi inatoweka. Kwenye iliyoshiba, rangi inabaki. Tapentaini haijashiba. Mafuta ya taa yameshiba. Niliyapima ya Sajini, rangi ikatoweka. Sasa mnataka nini tena?"

"Ngoja, ngoja," alisema Sajini. "Mafuta yanashibaje? Yanakula nini?"

Liao alicheka. Kabla ya kuingia polisi alikuwa amefanya kazi katika maabara ya kiwanda cha kusafisha mafuta, na ingawa hakudumu huko, alichojifunza hakukisahau. "Sikiliza, Sajini. Kaboni ana mikono minne. Kwenye mafuta ya taa, mikono yote imeshika kitu. Bromini akibisha hodi, anaambiwa nyumba imejaa, kalale kwingine. Kwenye tapentaini, kuna mahali kaboni wawili wameshikana mikono miwili miwili. Bromini akija, wanaachia mkono mmoja mmoja, wanampokea yeye. Akishapokelewa, rangi yake hatuioni tena. Huyo ndiye mwenye njaa."

"Ahaa. Kumbe ni kama mimi na popoo."

"Wewe hujawahi kushiba, ndiyo." Liao akamgeukia mwalimu. "Ulipoyatikisa, rangi ilitoweka palepale?"

Mwalimu Tai alisita. "Palepale... hapana. Kengele ililia. Nilikuwa na darasa. Nikaiacha neli ya kioo kwenye kishikio, nikaenda. Niliporudi ilikuwa nyeupe pe, kama maji ya mvua."

"Uliiacha wapi?"

"Pale."

Alionyesha dirisha. Jua la kusini lilikuwa limejaa kwenye kizingiti, na paka wa shule amejilaza hapo akiota. Liao alilitazama dirisha, akamtazama paka, kisha akaanza kukunja mikono ya shati.

"Fungeni mapazia," alisema. "Na nipatieni tapentaini mpya ya dukani, na mafuta ya taa kutoka kwenye taa za shule. Kesi ya mtu haipimwi kwa neli moja. Tunapima wanaojulikana, kisha tunamweka asiyejulikana katikati yao tuone anafanana na nani."

Tapentaini ililetwa na karani wa duka, tini bado limefungwa. Liao alipanga neli tatu kwenye kishikio, akaziandika kwa chaki, ya kwanza tapentaini, ya pili mafuta ya taa, ya tatu mafuta ya hodhini. Alipokuwa anafungua chupa ya bromini, tone likamwagika mezani. Bila kufikiri akachomoa ukurasa wa daftari la mwanafunzi uliokuwa karibu, apanguse.

"Usi!" Mwalimu Tai alimdaka mkono. "Karatasi ina maandishi hiyo! Chukua kitambaa."

"Ni mazoezi ya hesabu tu, Mwalimu."

"Maandishi ni maandishi. Haipangusiwi, haitupwi, haikanyagwi. Kwetu hapa inakusanywa, inapelekwa kwenye kijumba cha kuchomea karatasi, inachomwa kwa heshima, na majivu yanapelekwa mtoni. Mama yangu alisema anayeidharau atapofuka macho. Mimi ni mtu wa sayansi, Inspekta, lakini macho ninayo mawili tu."

Hata Sajini Hsieh alitikisa kichwa kukubali. Liao, ambaye alikulia bandarini ambako gazeti la jana ndilo linalofungia samaki, aliomba radhi na kupangusa kwa kitambaa.

Akaanza. Maji ya bromini katika neli ya kwanza, kizibo, akatikisa. Rangi ya chungwa ikamezwa mara moja, hata hakumaliza kutikisa. "Huyo ana njaa ya siku saba," alisema Sajini, akisogeza kiti karibu.

Neli ya pili. Akatikisa, akaiacha itulie. Mafuta yakapanda juu, maji yakabaki chini.

"Maji yamepauka!" alisema Mwalimu Tai upesi. "Umeona? Hata mafuta ya taa yanaondoa rangi. Basi sikukosea."

"Tazama juu, Mwalimu."

Wakatazama. Tabaka la juu, lile la mafuta, lilikuwa la chungwa kuliko maji yalivyokuwa mwanzo.

"Rangi haijafa," alisema Liao. "Imehama nyumba. Bromini anapenda kukaa kwenye mafuta kuliko kwenye maji, basi amepanda ghorofani. Lakini hajaolewa na mtu. Bado ni yuleyule na rangi yake."

Neli ya tatu. Liao alitikisa, akaweka, akangoja. Mafuta yakapanda. Chungwa likapanda nayo, likatulia juu, likakaa. Sajini Hsieh aliacha kutafuna.

"Imefanana na ya pili," alisema taratibu.

"Imefanana na ya pili."

"Lakini niliiona nyeupe!" Mwalimu Tai alikuwa amesimama. "Kwa macho yangu! Mimi sisemi uongo, Inspekta!"

"Hujasema uongo. Jua ndilo lililokuchezea." Liao aliichukua neli ya mafuta ya taa, akafungua pazia, akamsukuma paka kwa adabu na kuisimamisha neli kwenye mwanga. "Ngojeni sasa."

Walingoja. Nje wanafunzi walikuwa wanaimba jedwali la kuzidisha. Rangi ya juu ilianza kufifia, kidogo kidogo, ikawa manjano, ikawa kama chai ya mgeni asiyependwa, kisha ikaisha. Liao akalowesha karatasi ya litimasi ya buluu, akatoa kizibo, akaishika mdomoni mwa neli. Karatasi ikageuka nyekundu.

"Asidi," alinong'ona Mwalimu Tai.

"Asidi. Jua likimpiga, bromini anapata nguvu za kuvunja mlango. Anamng'oa hidrojeni mmoja na kukaa mahali pake, na huyo aliyeng'olewa anaondoka na bromini mwingine kama mvuke wa asidi. Mwenye njaa anampokea mgeni bila kumfukuza mtu, haitoki asidi. Aliyeshiba anaibiwa juani. Rangi inatoweka kwa wote wawili, lakini mmoja kwa hiari na mmoja kwa nguvu. Mwalimu, ulilipima jua, hukuyapima mafuta."

Mwalimu Tai alikaa chini kwa uzito. "Na mimi nikatia sahihi. Mama wa watu ningempeleka jela kwa sababu ya kengele."

"Bado hajaenda. Una pamanganeti?"

Alikuwa nayo, ile ya kuoshea vidonda vya wanafunzi. Wakaiyeyusha ikawa zambarau, wakaitikisa pamoja na kila mafuta, wote katika neli mpya, pazia limefungwa. Tapentaini iliigeuza matope ya kahawia. Mafuta ya taa yaliiacha zambarau. Mafuta ya hodhini yaliiacha zambarau vilevile. Wakarudia yote tangu mwanzo, safari hii mwalimu mwenyewe akitikisa, na jibu likawa lilelile.

"Haya, na moshi je?" Sajini Hsieh alijaribu kwa mara ya mwisho. "Watu wote walisema moshi ulikuwa mweusi ti, masizi mpaka barabarani. Tapentaini ndiyo inayotoa masizi hivyo."

"Sajini, humo mlikuwa na mamia ya miavuli iliyopakwa mafuta ya mbegu. Hata ungeiwasha kwa maji ya mchele moshi ungekuwa mweusi."

"Basi nimekwisha. Mafuta ya taa yako kila nyumba. Asubuhi nilikuwa na mshukiwa mmoja, sasa nina mji mzima."

"Afadhali mji mzima wenye mkosaji ndani yake kuliko mtu mmoja asiye na kosa. Twende karakanani."

Mwalimu Tai aliomba wangoje. Alichukua kalamu, akaandika taarifa mpya kwa mkono wake, akataja kosa lake lilivyokuwa, dirisha na kengele, akatia sahihi. Liao alimshika bega na kumshukuru. Wengi wenye elimu wangetafuta maneno makubwa ya kujifichia.

*

Uani kwa Mzee Peng palinuka majivu. Ghala dogo la nyuma lilikuwa limepona, na ndani yake lilisimama pipa la mafuta ya taa, la wakati umeme unapokatika, mfuniko wake mpana na kata ikining'inia pembeni. Liao alichukua lile tini la tapentaini, akalitazama mdomo wake. Ulikuwa mwembamba, kidole kimoja hakipenyi.

"Sajini, chukua kata, uchote hapo, ujaze tini hili."

"Nitamwaga yote nje."

"Na sakafu hii?"

Sajini aliinama. Sakafu ya ghala ilikuwa kavu, vumbi lake halijaguswa na tone. "Alitumia faneli."

"Faneli hiyo hapo." Ilikuwa imening'inia msumarini, na buibui alikuwa amejenga kuanzia mdomo wake hadi ukutani, utando wa zamani wenye vumbi. "Kaiulize kama ilitumika juzi."

"Basi faneli gani?"

Liao aligeuza tini mkononi. Alikuwa anafikiria mtu mwenye haraka, gizani, kata mkono mmoja na tini mkono mwingine. Angefanya nini? Angefanya kama watu wote wanavyofanya. Angeokota karatasi na kuikunja.

"Karatasi," alisema. "Na baada ya kuitumia angeitupa wapi?"

"Si angeitupia motoni? Moto ulikuwa wake!"

"Mimi ningeitupia motoni. Wewe je, Sajini? Kama ina maandishi?"

Wote wawili wakageuka kwa pamoja kutazama lango. Pale, chini ya kipaa kidogo, palikuwa na kapu la mianzi lenye mfuniko, la kukusanyia karatasi zilizoandikwa, kama lilivyo kwenye malango mengine ya mji ule. Hakuna polisi aliyeligusa. Nani angepekua kapu la heshima?

"Linamwagwa lini?" aliuliza Liao.

"Mzee Ku, mkusanya karatasi wa mji, anapita kulimwaga kila baada ya siku kadhaa. Alipita..." Sajini alijipiga paji la uso. "Alipita siku ileile ya moto! Alasiri! Alisimama kituoni akanywa chai, kapu lake limejaa, akaniambia ametoka kwa Peng. Na usiku ule moto ulipozimwa nilifunga ua huu mimi mwenyewe kabla hapajapambazuka. Hakuna aliyeingia ila polisi wangu."

"Basi kilichomo humu kiliingia kati ya alasiri ile na moto."

Liao alifunua. Ndani kulikuwa na kitu kimoja tu. Karatasi nzuri ya mwandiko, imekunjwa pembe, ncha yake imelowa ikawa ya kupenyeza mwanga. Harufu ya mafuta ya taa ikawapanda puani. Waliikunjua pole pole. Herufi nyeusi, kubwa, zilizojaa afya, za mtu anayefanya mazoezi ya maneno ya mwavuli wa arusi.

"Loo," alisema Sajini Hsieh. "Mkono huu kila mtu anaujua."

"Mkono unaweza kuibiwa karatasi. Mleteni, lakini msimwambie kitu."

*

Peng Shao-wen alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kidole cha kati kimeingia wino ambao hautoki tena. Aliwasalimu kwa heshima zote, akauliza kama jipu limeshafika.

"Bado," alisema Liao, akimpa kigoda kivulini. "Ndugu Peng, mimi ni mgeni, nimetoka bandarini, na leo nimeaibika. Nilitaka kupangusa meza kwa karatasi yenye maandishi, mwalimu karibu anipige."

Shao-wen alitabasamu. "Alifanya vyema. Siku hizi watu hawajali. Wanafungia hata karanga."

"Hapa kwenu naona bado mnajali. Lile kapu langoni ni la nani?"

"Ni la babu. Alipokaribia kufa aliniita, akaniambia, Shao-wen, maneno ni kazi yako, basi na kuyazika ni kazi yako. Nimelitunza tangu nikiwa kijana."

"Wengine hawasaidii? Shemeji yako, kwa mfano?"

"Yu-chin?" Alitoa sauti ya dharau ndogo. "Yeye ni wa maua. Wote humu wanaacha karatasi zao mezani kwangu, mimi ndiye ninayezinyoosha na kuzitia kapuni. Hakuna mkono mwingine unaolifungua lile kapu, Inspekta. Sijaruhusu. Hata ami mwenyewe hulipita bila kuligusa."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Muulize yeyote."

Liao alimgeukia Sajini. "Umeandika?"

"Nimeandika," alisema Sajini Hsieh, na safari hii hakuwa na popoo mdomoni.

"Na siku ya moto ulikuwa kwa wakwe zako."

"Tangu mchana. Nilirudi asubuhi, nikakuta polisi langoni. Inasikitisha sana. Ami ni kama baba yangu."

"Mzee Ku alilimwaga kapu alasiri ya siku hiyo," alisema Liao. "Likabaki tupu. Usiku karakana ikaungua, ua ukafungwa. Leo tumelifungua." Aliitoa ile karatasi kutoka kwenye bahasha, akaishika kwa ncha mbili, ikajikunja yenyewe kama pembe, maana karatasi haisahau mkunjo. Akaiingiza kwenye mdomo wa tini. Ikaingia barabara.

Shao-wen aliikodolea macho ile pembe ya karatasi.

"Ulijua tini la shemeji yako ni tupu. Ukalijaza mafuta ya taa, ukalimwaga, ukaliacha mlangoni tulione. Uliwaza kwamba mafuta ni mafuta, yakishaungua nani atajua? Lakini haya yako yameshiba, Ndugu Peng, na ya shemeji yako yana njaa. Tumeyapima mbele ya mwalimu. Yote yangekuendea sawa, kwa sababu mwalimu alikuwa amekosea kwa faida yako. Kosa lako ni hili." Akaitikisa karatasi kidogo. "Moto ulikuwa mbele yako, hatua chache. Ungeitupia humo, leo Fan Yu-chin angekuwa njiani kwenda jela."

"Huwezi," alisema Shao-wen. "Moto ule ulikuwa mchafu. Herufi haziwezi kuchomwa kwenye moto wa... Huwezi."

Sajini Hsieh aliinua macho kutoka kwenye maandishi yake. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu alikuwa ameikatisha mwenyewe.

"Sikujua ami amelala humo," alisema Shao-wen. "Naapa. Alikuwa halali humo. Nilitaka kitu kilichokuwa changu kisiwe cha mtu mwingine, basi. Mimi ni Peng wa mwisho mwanaume. Miaka yote naandika, naandika, kisha mzee anasimama makaburini anamkabidhi mchora maua!" Alifuta uso kwa kiganja. Kisha akanyoosha mkono kuelekea ile karatasi, hakuigusa. "Inspekta, nina ombi moja."

"Sema."

"Kesi ikiisha, hiyo karatasi isitupwe na makarani wa mjini. Irudishwe hapa, ichomwe kwenye kijumba inavyostahili. Niahidi."

Liao aliirudisha karatasi kwenye bahasha. Hasira ilimjaa kifuani, hasira ya kweli, na hakuona sababu ya kuificha.

"Tangu umeketi hapo," alisema, "umeniuliza kuhusu jipu, na umeiombea karatasi. Hujauliza kama ami yako ameamka."

Shao-wen aliinamisha kichwa, na hata hapo hakuuliza.

Mzee Peng alikuwa ameamka. Ujumbe ulikuwa umeletwa kituoni mchana, na neno la kwanza la mzee lilikuwa kuuliza mikono ya Yu-chin imeungua kiasi gani. Sajini Hsieh mwenyewe ndiye aliyemfungulia mahabusu mlango na kumweleza, akikwama kwenye kila neno. Kisha akamtuma mtu kwa jirani akamlete mtoto, na mwingine akalete tambi, mabakuli manne, la kwake kubwa. Mtoto ndiye aliyemlisha mama yake, kwa kuwa mikono ile haikuweza kushika vijiti.

Alasiri jipu likaja, likapiga honi mara mbili, likapakia abiria mmoja kama lilivyoagizwa. Dereva alitazama hati yake, akamtazama abiria.

"Afande, hapa imeandikwa mwanamke."

"Hati hiyo nayo ilikuwa imewekwa juani," alisema Sajini Hsieh. "Nenda."